Mgonjwa Akisema Anataka Kufa

Wazee wetu, akina mama, wachungaji na maimamu, wauguzi wenzangu, na nyinyi wahudumu wa afya wa jamii mliotoka Nyakach, Seme, Muhoroni na ng'ambo ya Ghuba ya Winam, hamjambo. Asanteni kwa kufika hapa Kisumu.

Nimeombwa nizungumzie kusaidiwa kufa. Nitataja msimamo wangu mapema ili msihangaike kuutafuta: kwa jinsi huduma zetu zilivyo leo, sitaki Kenya imruhusu daktari kumpa mgonjwa dawa ya kumuua. Lakini hofu ya jambo hilo imeanza kuwatesa wagonjwa. Watu wanaamini mofini ni kuua, kuzima mashine ni kuua, na mama mzee anayekataa upasuaji anajiua. Kwa imani hiyo, mtu mwenye saratani ya umio, ile tunayoiita ya koo, anaachwa akilia usiku kucha na chupa ya dawa iko kabatini. Hilo ndilo limenileta.

Sheria kwanza. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi, na kinakataza kumnyima mtu uhai kwa makusudi, isipokuwa pale Katiba yenyewe au sheria nyingine iliyoandikwa inaporuhusu. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayemshawishi mwenzake kujiua, au kumsaidia, anaweza kufungwa maisha. Kifungu cha 213 kinakwenda mbali zaidi: ukiharakisha kifo cha mgonjwa, kwa kutenda au kwa kutotenda, unahesabiwa kuwa umemsababishia kifo hata kama ugonjwa wenyewe ungemwondoa. Mgonjwa akiomba, kosa linabaki. Daktari akisukumwa na huruma, kosa linabaki.

Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226, kilichomhesabu kuwa mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinapingana na Katiba. Wako waliodhani mlango wa kusaidiwa kufa umefunguliwa. Haukufunguliwa. Aliyejaribu kujitoa uhai anahitaji matibabu kuliko pingu, na hukumu ilimhusu yeye. Anayemsaidia bado anashikwa na 225. Kwetu sisi faida ni kwamba mgonjwa anaweza kufungua moyo na kusema amewaza kujiua, na muuguzi akaandika kwenye faili bila kufikiria polisi.

Sheria ina upande mwingine ambao hausemwi sana. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa kwamba ana haki ya kukataa matibabu anayopendekezewa, na amweleze madhara ya kukataa huko. Kwa hiyo mzee wa miaka themanini akisema hataki tena kusafishwa damu, anatumia haki yake. Hajiui, na daktari anayemheshimu hamsaidii kujiua.

Basi tutenganishe matendo manne. Daktari kumdunga mgonjwa dawa ili afe. Daktari kumpa mgonjwa dawa ili ameze mwenyewe afe. Kuacha, au kutoanza, matibabu ambayo hayamsaidii tena au ambayo mwenyewe ameyakataa. Na kutoa dawa ya kutuliza mateso kwa kipimo kinachofuata mateso hayo. Mawili ya kwanza ni jinai hapa kwetu. Mawili ya mwisho ni utabibu wa kawaida, na ukitaka kuhakikisha muuguzi yuko upande gani, usimuulize nia yake. Tazama daftari lake. Anayetuliza maumivu huanza na kipimo kidogo, huandika saa, hurudi kuangalia maumivu yamefika wapi, huongeza kidogo, na maumivu yakiisha haongezi tena. Mtu anayekusudia kuua hana sababu ya kurudi kupima chochote.

Hapa kwenye mofini nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumizwa zaidi.

Mofini ya kunywa hutengenezwa kwa unga unaochanganywa na maji safi na kihifadhi katika famasia ya hospitali. Nguvu zinazotumika sana ni mbili: hafifu, yenye miligramu 5 katika mililita 5, na kali, yenye miligramu 50 katika mililita 5. Kiasi ni kilekile kwenye sindano ya kupimia, nguvu ni mara kumi. Ajali mbaya ya nyumbani huanzia hapo: mgonjwa alizoea chupa hafifu, anarudi na kali, na binti yake anamnywesha kiasi alichozoea. Wenzetu wa Uganda walitia rangi, hafifu ikawa ya kijani, ili hata asiyejua kusoma aone tofauti. Kama chupa zenu hazina rangi, andikeni kwa kalamu nene juu ya chupa, na mumpe mgonjwa sindano isiyo na ncha. Vijiko vya jikoni havilingani, msivitumie.

Mtu mzima ambaye hajawahi kutumia dawa za jamii ya mofini huanza na miligramu 5 kila baada ya saa 4. Mzee sana au aliyekonda huanza na miligramu 2.5. Mwenye figo dhaifu pia, na kwake tunatenganisha dozi kwa saa 6 hadi 8, kwa sababu mabaki ya mofini hutolewa na figo, zikishindwa yanajaa mwilini. Ratiba inayofanya kazi nyumbani ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku, hiyo ya mwisho ikiwa maradufu ili yeye na anayemuuguza walale hadi asubuhi.

Maumivu yakichomoza katikati, apewe dozi moja ya ziada inayolingana na ile ya kila saa 4, na iandikwe. Baada ya siku moja hesabuni zote. Kwa mfano, dozi nne za miligramu 5 na moja ya 10 usiku ni 30, ziada tatu ni 15, jumla 45. Gawanyeni kwa 6. Dozi mpya ni miligramu 7.5. Kwa maumivu ya saratani, hesabu hii haina kikomo kilichowekwa. Kinachotuongoza ni maumivu, na jinsi mgonjwa anavyopumua na kuamka. Na panado haiachwi kwa sababu mofini imeingia. Zinafanya kazi pamoja.

Siku ya kwanza ya mofini ndiyo siku ya kwanza ya dawa ya kulainisha choo: bisakodili miligramu 5 hadi 10 kila usiku. Kichefuchefu huja siku chache za mwanzo na metoklopramidi miligramu 10 mara tatu kwa siku huwatosha watu wengi. Usingizi wa siku mbili tatu za kwanza huwatisha jamaa sana, na mara nyingi ni deni la usingizi alioukosa kwa wiki nyingi. Hatari yenyewe ina dalili zake: ukimwita na kumtikisa haamki, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, au mikono inashtukashtuka. Hapo dozi inayofuata isitolewe, na mhudumu aitwe mara moja. Vilevile mofini isikatwe ghafla kwa mgonjwa aliyeizoea; hupunguzwa polepole.

Mambo yanayoharibika ninayajua kwa majina. Dawa inatolewa mgonjwa akishaanza kulia, hivyo maumivu yanatangulia siku zote. Familia inaitunza chupa kwa ajili ya mwisho, kana kwamba ikinywewa mapema itaisha nguvu. Mgonjwa wa Rusinga anapewa dawa ya siku tatu wakati nauli ya kurudi kuchukua nyingine ni chakula cha wiki cha nyumba nzima. Daktari mmoja anayeruhusiwa kuandika yuko likizo. Ufunguo wa kabati la dawa zinazodhibitiwa uko kwa mtu mmoja, na yeye Ijumaa jioni alipanda matatu kwenda kwao. Jumamosi na Jumapili watu wanateseka kwa sababu ya ufunguo! Uganda tangu 2004 inawaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea huduma shufaa, yaani huduma ya kutuliza mateso ya mgonjwa, kuandika mofini. Hili lingewasaidia watu wa Siaya na Busia kuliko mjadala wowote wa bungeni kuhusu sindano ya kufa.

Sasa, mgonjwa akikuambia, "Heri nife," au, "Nipe kitu nipumzike," unafanya nini? Wengi wetu humkemea, "Usiseme hivyo, mama, Mungu yupo." Ananyamaza, na ndio mwisho wa kukuambia ukweli. Vuta kiti ukae. Muulize, "Ni kitu gani kinachokuchosha zaidi?" Kisha mwache aseme hadi amalize.

Jibu mara nyingi lina dawa. Akisema ni maumivu, tumeshazungumza. Akisema ni harufu, msichukulie hilo kama jambo dogo. Saratani ya mlango wa kizazi au ya titi iliyopasuka hutoa harufu inayofukuza wajukuu kitandani, na mwanamke anaweza kutaka kufa kwa ajili ya hiyo kuliko kwa ajili ya maumivu. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita, bila kusuguliwa. Kisha vidonge vya metronidazoli visagwe viwe unga laini na kunyunyizwa juu ya kidonda kila siku. Siku chache tu na harufu hupungua sana. Dawa hii ni rahisi na ipo karibu kila zahanati, lakini kuna wanawake waliokufa wametengwa chumba cha nyuma kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Akisema anaogopa kufa akikabwa na pumzi, mweke aketi akiegemea mito, fungua dirisha, mpepee usoni, na mofini kidogo, miligramu 2.5, hutuliza hisia ya kukosa hewa. Akisema hana raha ya kitu chochote, hata nyimbo alizozipenda, halali, anajilaumu kwa mambo ya zamani, huenda ni sonona. Nayo ina matibabu, ingawa dawa zake huchukua wiki kadhaa. Mwenye mpango wa kujidhuru asiachwe peke yake, na dawa zote za nyumbani, mofini ikiwemo, zifungiwe.

Na akisema, "Nawamalizia pesa"? Hapo dawa yangu imekwisha, na hapo ndipo msimamo wangu juu ya sheria unapotoka.

Tazameni nchi zilizohalalisha. Uholanzi sheria ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2002. Daktari lazima aridhike kwamba ombi ni la hiari, kwamba mateso hayavumiliki na hayana matumaini ya kupungua, kwamba hakuna njia nyingine ya kufaa, na daktari wa pili asiyehusika amwone mgonjwa. Baadaye kamati hupitia kila tukio. Jimbo la Oregon, Marekani, lilianza 1997: mgonjwa awe mtu mzima aliyebakiza miezi isiyozidi 6 kwa makadirio ya madaktari wawili, na dawa ameze mwenyewe. Uswisi humwadhibu tu anayemsaidia mtu kujiua kwa faida yake binafsi. Kifungu hicho kimetumika tangu 1942. Bunge la makabwela la Uingereza lilipitisha mswada wake Juni 2025 kwa kura 314 dhidi ya 291.

Wapinzani husema milango hii haifungiki. Kanada ilianza 2016 kwa wagonjwa ambao kifo chao kilikuwa kinaonekana mbele, na 2021 ikaondoa sharti hilo. Ubelgiji ilianza 2002 kwa watu wazima, na 2014 ikawaingiza watoto. Lakini haki inanidai niseme pia kwamba Oregon, tangu 1997, imebaki na sharti la mgonjwa aliyekaribia kufa. Kwa hiyo hoja ya mteremko, kwamba ukianza huwezi kusimama, peke yake hainitoshi.

Kinachonishika ni kingine. Taarifa za Oregon za mwaka hadi mwaka zinaonyesha kwamba sababu zinazotajwa zaidi si maumivu. Ni kupoteza uhuru wa kujiamulia, kushindwa kufanya yanayompa mtu raha, na kupoteza heshima. Wale watu kwa wingi wako chini ya hospisi, yaani huduma ya wanaokaribia kufa, maumivu yao yanashughulikiwa, ndipo wanaulizana swali la heshima. Uholanzi, karibu kila mtu ana bima na daktari wa familia anayemjua kwa miaka. Pale mtu akisema "nimechoka", unaweza kuamini kwamba njia nyingine zimejaribiwa.

Hapa kwetu njia nyingine ni ipi? Familia imeuza ng'ombe, imeuza kipande cha shamba, kikundi cha WhatsApp kimechoka na M-Pesa. Mama akiomba kufa katika nyumba hiyo, mimi siwezi kupima kama ni yeye anayeomba au ni deni linaloomba. Hakuna daktari wa pili atakayeweza kupima. Na hata kama madaktari wote wawili ni waadilifu, wale ndugu wanaosubiri shamba hawatahojiwa na kamati. Ndiyo maana nasema si sasa.

Wako watakaoniuliza juu ya yule mgonjwa ambaye kila kitu kimefanywa na bado anateseka. Yupo, ni wachache, lakini yupo, na tusimfiche ili hoja yetu ipendeze. Kwake kuna usingizi wa tiba: midazolamu inayoingia taratibu chini ya ngozi, ikianza kidogo na kuongezwa hadi atulie, ikisimamiwa na waliofunzwa, baada ya kukubaliana naye au na jamaa zake. Ugonjwa ndio unaommaliza. Je, hilo linamridhisha kila mtu? Hapana. Afrika Kusini wakili Robert Stransham-Ford, mwenye saratani ya tezi dume, alikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria mwaka 2015 na akakubaliwa asaidiwe na daktari. Alikuwa amefariki saa chache kabla ya amri kutolewa, na Desemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaifuta amri hiyo. Namheshimu mtu yule. Swali lake litatufikia Nairobi siku moja, na ningependa litukute tumeshafanya kazi yetu.

Kuhusu mashine na dripu. Mgonjwa anayekaribia kufa huacha kula kwa sababu mwili hauhitaji tena. Kumlazimisha uji kunampalia na kumletea nimonia. Dripu katika siku za mwisho mara nyingi huishia miguuni na kwenye mapafu, akaanza kukoroma kwa maji. Mlowesheni midomo kwa pamba, mgeuzeni ubavu, mkae naye. Hamumuui kwa njaa. Kwa aliye kwenye mashine ya kupumulia na madaktari wamekubaliana kwamba hatapona, iiteni familia yote kwa kikao kimoja, mseme waziwazi, muandike nani alikuwepo na nini kilikubaliwa. Kabla ya kuondoa mashine apewe dawa ya kutuliza pumzi, kengele za mitambo zizimwe, na kiongozi wa dini aachiwe nafasi. Naelewa wasiwasi wa madaktari kwa sababu ya yale maneno "kwa kutotenda" ya kifungu cha 213. Kumbukumbu iliyoandikwa vizuri ndiyo kinga yao.

Mapema kuliko hapo, kila mmoja wenu mwenye ugonjwa wa muda mrefu aandike barua. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya kinamtambua mtu uliyemteua kwa maandishi akuamulie utakaposhindwa kusema. Ukikosa kuandika, zamu ni ya ndugu wa karibu, na sote tunajua kaka wa Nairobi na dada wa Mombasa wanavyobishana kwenye korido ya hospitali. Andika jina na nambari ya kitambulisho cha uliyemteua. Andika usichotaka: mashine, kusukumwa kifua moyo ukisimama, kurudishwa hospitali. Andika kama unataka kufia dala, nyumbani kwenu. Tia sahihi na tarehe, mashahidi wawili wasiokurithi, nakala moja kwenye faili la hospitali, moja kwa uliyemteua, na moja nyumbani mahali panapojulikana.

Viongozi wa dini, nawaomba jambo moja. Papa Pius wa Kumi na Mbili alisema tangu 1957 kwamba mgonjwa halazimiki kutumia njia za kupita kiasi ili kurefusha uhai, na kwamba kutuliza maumivu kwa dawa kunaruhusiwa. Sura ya Nisaa, aya ya 29, inakataza kujiua. Haimkatazi mwenye maumivu kunywa dawa. Mnapomwombea mgonjwa apone, msimwambie aweke chupa chini.

La mwisho ni pesa, kwa sababu afya ni kazi ya kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi huja kabla ya tarehe hizo, na mara nyingi viti huwa vitupu. Nendeni watano watano kutoka kila wadi. Msiombe "kuboreshwa kwa huduma", maana ombi hilo hujibiwa kwa makofi. Ombeni unga wa mofini, chupa na lebo, sindano zisizo na ncha, bisakodili, metronidazoli, mafuta ya pikipiki ya muuguzi wa huduma shufaa, na mtu wa pili mwenye ufunguo wa kabati wikendi. Halafu ulizeni kila kimoja kimewekewa shilingi ngapi, na kipo ukurasa gani wa bajeti.